Wadau wa kusini, hivi ndoa ndio tunachokitaka kweli?

Mwana_Mikindani

Habari za jioni wadau. Nawauliza wa kwetu tu, makuchu wenzangu, yaani tunaopenda wa jinsia yetu, wa Mtwara na Lindi, wa kutukana mpite maana matusi tumeshayasikia yote.

Kila tukitajwa nchi hii mtu anarukia ndoa. Kijiweni kwenye kahawa, redioni, kwenye mawaidha, utasikia tu hawa wanataka kuoana. Hakuna aliyetuuliza. Sasa nauliza sisi kwa sisi, tunaitaka? Najua sheria ya ndoa ya 1971 inasema ni mwanaume na mwanamke, na kanuni ya adhabu inatupa miaka 30 mpaka maisha, kwahiyo siulizi kama inakuja kesho, nauliza wewe mwenyewe moyoni unataka nini.

Mimi naitaka. Mwenzangu amefariki. Shamba lilikua la ukoo wa mama yake huko Nanyamba, mikorosho mizee tukaing'oa tukapanda mipya wote wawili, na kila ukifika msimu wa kupulizia mikorosho dawa ya salfa mimi ndio nabeba mota ya kupulizia mgongoni yeye anatangulia kunionyesha miti iliyobaki, jioni ukitema mate ni unga mtupu wa njano. Alipougua nikamuuguza mimi, nikamuogesha mimi, wodini nimeandikwa rafiki. Msibani nikakaa na vijana wa kufunga maturubai. Arobaini ilipoisha wajomba wakakaa shamba likaenda kwa mtoto wa dada yake, na yule kijana simlaumu, ndio mila yetu Wamakonde, ila hakuna hata mmoja aliyeuliza ile miti kapanda nani. Angekua na mke, mke angeulizwa.

Binti_Nachingwea

Pole sana kaka yangu, pole ya msiba kwanza maana nina hakika wengi hawakukupa.

Ila kwenye ndoa hatupo pamoja. Mke angeulizwa, mke wa wapi huyo? Wale wajane wawili wa Shinyanga waliotolewa kwenye nyumba na upande wa waume zao, kesi ikafika hadi kamati ya Umoja wa Mataifa na 2015 ikasema Tanzania imewakosea, si walikua na ndoa halali kabisa? Mimi mwenyewe niliolewa. Nilifundwa unyagoni nikafundika, nikapelekwa, na siku naondoka niliondoka na mtoto mgongoni na kanga mbili. Aisifiaye mvua imemnyea, mimi imeninyea na siisifii.

Sasa hivi nakaa na mwenzangu tunalima ufuta, hakuna wa kunidai mahari yake wala wa kuniuliza nilikua wapi. Huko Marekani kulikua na mwanasheria, Paula Ettelbrick, naye mwanamke aliyependa wanawake, 1989 alishasema ndoa haitatukomboa, itatulazimisha tufanane na wao na wale watakaokataa kuoana ndio wataonekana wachafu zaidi. Namuunga mkono mia kwa mia.

Kijana_wa_Lindi

Dada hapo kwa Ettelbrick malizia habari. Alikua anabishana na bosi wake mwenyewe, Thomas Stoddard, wote walikua Lambda, shirika la wanasheria wanaotetea makuchu huko Marekani, na Stoddard nae alisema ndoa ilivyo haimvutii sana ila HAKI ya kuoana tuipiganie kisha kila mtu achague. Halafu angalia ni mwaka gani huo. Ukimwi ulikua unawamaliza, mtu anauguza mwenzake mpaka anamfumba macho halafu ndugu ambao hata simu walikua hawapigi wanakuja kubadilisha kitasa. Ni hiki hiki cha Mwana_Mikindani. Watu hawakuitaka ndoa kwa ajili ya keki.

Uholanzi ikaanza 2001, Afrika Kusini 2006, Marekani nzima 2015 tena majaji 5 kwa 4. Kabla yake, 2013, kulikua na bibi anaitwa Edith Windsor, alifiwa na mwenzake Thea Spyer akatozwa kodi ya mirathi zaidi ya dola 363,000 kwa sababu serikali kuu haikuitambua ndoa yao waliyofungia Canada, akaenda mpaka mahakama ya juu akashinda.

Na hata hapa kwetu, Wakurya kule Mara mama asiye na mtoto wa kiume anamuoa mwanamke mwenzake, ng'ombe wanatoka, wazee wanakaa, inaitwa nyumba ntobhu. Sio mapenzi, najua, ni kutafuta warithi. Lakini wazee walipoona kuna shida ya mirathi walitafuta njia, hawakusema haiwezekani.

Masasi_Kimya

Dola 363,000 ni kodi tu, mali yenyewe ilikua kiasi gani? Ndio maana hata huko kwao wapo waliolalamika kwamba hela zote na nguvu zote zilipelekwa kwenye ndoa, na kijana aliyefukuzwa nyumbani analala stendi hakupata kitu.

Afrika Kusini mmeitaja, sawa, sheria imepita 2006. Eudy Simelane, kuchu mwenzetu aliyechezea Banyana Banyana, timu ya taifa ya mpira ya wanawake, aliuawa 2008 huko huko, mtaani kwao KwaThema. Cheti kipo na dada wa watu anauawa. Mimi nataka kwanza nitembee kutoka sokoni mpaka nyumbani bila mtu kunisindikiza kwa miluzi. Na hapa kwetu neno ndoa lenyewe linatuletea balaa, Novemba 2018 Zanzibar wanaume 10 walikamatwa ufukweni, tuhuma ni kwamba wanaozeshana. Kila tukilitaja tunawapa sababu.

Na la mwisho najua wengine mtakasirika. Mimi ni wa kanisani, nimeimba kwaya toka mdogo, kwangu ndoa ni ya Mungu na siwezi kuiomba serikalini. Nampenda mwenzangu na bado naamini hivyo.

Kijana_wa_Lindi

Sikasiriki Masasi, ila hatukukosea sisi kuzaliwa hivi na hawatuachi hata tukinyamaza. Mbona miaka yote tuliyokaa kimya miluzi ipo?

Mtu_Mzima_Newala

Wanangu, mimi umri umekwenda na mwenzangu pia. Ndoa ningeitaka, tena sana, hasa nikifikiria siku mmoja wetu akitangulia mwingine atakaa wapi kwenye huo msiba. Lakini siwezi kuisubiri.

Sisi ni Waislamu. Wosia kwa asiye mrithi hauzidi theluthi, kwahiyo ukitegemea wosia peke yake mwenzako atapata kidogo na atagombana na ukoo mzima. Hiba ni jambo jingine, unampa ukiwa hai na mzima, anakabidhiwa, mashahidi wanaona. Ukingoja mpaka uko kitandani unaumwa wataipinga. Shamba la ukoo hilo liacheni, si lako kulitoa. Ila huku kwetu watu wanawekeana mikorosho rehani kila siku bila kugusa ardhi, kwahiyo hakuna wa kutuambia mti na shamba haviwezi kuwa na wenyewe tofauti. Mnapanda pamoja, andikeni siku hiyo hiyo mmepanda pamoja, mwenyekiti wa kitongoji aweke saini. Haandiki mapenzi, anaandika miche.

Mwana_Mikindani

Shikamoo mzee wangu. Kwangu imeshapita ila nimeelewa. Bado naitaka ndoa, karatasi ya miche haitanitoa kwenye maturubai.

Mtu_Mzima_Newala

Marahaba. Haitakutoa, ni kweli.

Binti_Nachingwea

Shikamoo baba. Sisi kiwanja tumenunua kwa hela za ufuta za wote ila mkataba una jina langu tu, naweza kumuongeza hapo hapo pembeni kwa kalamu?

Mtu_Mzima_Newala

Usiongeze kwa kalamu, watasema umegushi. Andikeni upya, majina mawili, aliyewauzia awepo, na mashahidi watoke kwenu na kwao. Fanyeni kabla ufuta wa mwaka huu haujaenda mnadani, hela zikiingia ndugu wanakua wengi.