Nampeleka mzee wangu Kilimanjaro mwezi wa pili, nawezaje kupiga picha huku na mimi napanda?

Mmachame wa Mjini:
Wakuu habari za jioni. Naombeni ushauri kwa wale waliowahi kupanda mlima huku wanapiga picha, maana nimeuliza mafundi wa studio wananieleza mambo ya taa na mimi huko taa sina.

Mzee wangu alikuwa mgumu, yaani mpagazi wa mlimani. Kuanzia miaka ya themanini kabeba mizigo ya wageni njia ya Machame misimu kumi na moja na kileleni hajafika hata siku moja. Wanaoijua kazi ile wanaelewa, mgumu anaishia kambi ya mwisho, usiku wageni wanaondoka na viongozi, yeye anabaki na mahema. Picha ya kazi yake anayo moja tu, alipigwa na mgeni pale getini, imefifia na mzigo umemfunika nusu ya uso. Sa hivi ana miaka 61, amepimwa hospitali wakasema yuko vizuri, mimi na dada zangu tumejichanga, tunapanda siku 7.

Sasa shida yangu. Mwaka jana nilipanda Meru na kamera yangu hii ya Canon na lenzi mbili, 18-55 ya kawaida na 55-250 ya kuvuta mbali. Kila nikisimama nitoe kamera kwenye begi kundi limeshaondoka, nawakimbilia, nikifika sina pumzi, hadi kambi ya Saddle Hut kichwa kinagonga vibaya. Usiku kule juu ya Rhino Point kwenye miamba kamera ilikuwa inaning'inia shingoni ikapiga jiwe na mimi nikayumba nayo, kiongozi ndo akanidaka begi. Alafu asubuhi jua linatoka nyuma ya Kilimanjaro, mawingu yote yako chini, nabonyeza, betri imekufa.

Safari hii sitaki kurudia. Nataka picha za mzee lakini pia nataka niwe naye, nitembee naye. Nifanyeje?

Nyundo Tano:
Mkuu mimi ningekushauri kamera uache nyumbani. Lipia mpiga picha mmoja apande na nyie, wewe tembea na baba yako. Huwezi kufanya kazi mbili kwenye mita 5,895.

Dada Lenzi:
Nyundo sikubaliani na wewe. Mpiga picha wa kukodi hatajua mzee anavyoinama kufunga kamba za viatu, huyu mtoto wake anajua. Cha msingi apunguze vitu.

Mmachame, 55-250 iache, utaibeba bure. Beba 18-55 peke yake na isitoke kwenye kamera, ukibadilisha lenzi kwenye lile vumbi la Barafu, kambi ya mwisho, umeumia. Kamera isikae kwenye begi wala isining'inie shingoni, tafuta ile klipu ya chuma inayofungwa kwenye mkanda wa begi kifuani, unaitoa kwa mkono mmoja unapiga unairudisha bila kusimama. Hiyo peke yake ingekutatulia nusu ya matatizo ya Meru.

Betri ni baridi ndo iliiua. Beba tatu, zikae mfuko wa ndani wa jaketi zipate joto la mwili, usiku unalala nazo ndani ya slipingi begi, na simu hivyo hivyo. Ikizima usiitupe, iweke kwapani dakika kadhaa mara nyingi inarudi na chaji kidogo. Na ukiingia na kamera ya baridi kwenye hema lenye joto ifunge kwanza kwenye mfuko wa plastiki, la sivyo ukungu unaingia hadi ndani ya lenzi.

Mtu anayetembea weka shata (kasi ya kupiga) 1/250 ya sekunde kwenda juu. Kule hewa ni nyembamba, ukibana pumzi ili mkono utulie unaona nyota, bora uongeze ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, ubonyeze wakati unatoa pumzi. Na ukifika kwenye barafu kamera inadanganyika, inaona weupe mwingi inapunguza mwanga, barafu inatoka ya kijivu na uso wa mzee unakuwa giza. Panda +1 kwenye kile kipimo cha kuongeza mwanga.

Kiongozi wa Mweka:
Mimi nafanya kazi mlimani, nasema la usalama tu. Usiwakimbilie mbele watu ili uwapige picha wakija, huo ndo mchezo unaolaza wapiga picha pale Lava Tower, mita 4,600 sio pa kukimbia. Ongea na kiongozi wako jioni, mwambie kesho nataka kutangulia, atakupa msaidizi muondoke dakika 15 kabla ya wenzenu. Unatembea pole pole, unafika sehemu yako, unakaa unawasubiri, wakipita unajiunga nao kwa mwendo ule ule.

Ukuta wa Barranco kamera iingie begini na zipu ifungwe. Pale mikono yote miwili ni ya kushika mwamba, na kuna lile jiwe la kubusu unalikumbatia kifua kimegusana nalo, ukiwa na klipu kifuani itakusukuma nyuma. Picha ya ukuta ipige asubuhi ukiwa chini kambini, wagumu wanavyopanda na mizigo kichwani wanaonekana kama mstari wa siafu. Waombe ruhusa lakini, wale wako kazini.

Usiku wa samiti, wa kwenda kileleni, mnatoka kama saa sita. Usipige picha njiani, ukisimama dakika mbili kundi zima linaganda. Vaa glovu nyembamba ndani ya zile nene ili ukitaka kubonyeza usiache vidole wazi. Na drone usibebe kama huna vibali, utanyang'anywa.

Paje Upepo:
Mimi ni mtu wa kaiti huku Paje, ule mchezo wa kuteleza baharini ukivutwa na tiara, mlima siujui, ila hii ya kupiga picha ukiwa ndani ya mchezo naijua. Amua kabla hujatoka nyumbani unataka picha ngapi na za wapi. Mimi nikiingia majini na kamera kwenye helmeti najua leo natafuta kitu kimoja, labda mwenzangu anavyoruka upepo wa kaskazi ukikaza, nikishaipata basi nacheza. Zamani nilikuwa narekodi saa zima, narudi sijafaidi bahari na video haina kitu.

Mgumu Mstaafu:
Kijana, mimi nimebeba mizigo njia hiyo hiyo, labda baba yako ananifahamu. Usimwambie simama hapa tukupige picha, atakakamaa kama yuko kwenye kitambulisho. Mwache ashike kitu. Akifika kambini mikono yake itatafuta kazi yenyewe, kamba ya hema, jiko, sufuria. Hapo ndo umpige.

Mmachame wa Mjini:
Nimesoma zote wakuu, asanteni sana. Nimeandika picha tano kwenye karatasi, getini, Barranco kutoka chini, Barafu jioni, Stella Point pale ukingoni mwa kreta, kileleni. Nyingine zikija zije.

Mmachame wa Mjini (MREJESHO):
Tumerudi juzi, tumefika wote. Klipu imenisaidia hadi siku ya pili nikasahau kama nimebeba kamera. Barranco nilifunga begini kama kiongozi alivyosema, na pale kwenye jiwe nilielewa kwa nini.

Barafu jioni mzee alikaa nje na wagumu vijana, anawauliza mizigo sa hivi kilo ngapi, wakamwambia mwisho 20 na inapimwa, akacheka sana. Bila kuambiwa na mtu akainuka akaanza kukaza kamba za hema letu. Nilipiga picha sita za mikono yake, Mgumu Mstaafu Mungu akubariki.

Usiku sikugusa kamera kabisa. Tulipanda kimya, ila mahali fulani alisimama akageuka kuangalia taa za mahema kule chini, nikatamani kuitoa nikaacha, nikasimama naye. Stella Point tulifika jua linachomoza upande wa Mawenzi, betri ikatoka kwapani ikawaka mara moja, +1, barafu nyeupe na sura ya mzee inaonekana hadi ile baridi kwenye ndevu. Kileleni nilipiga mbili, ya tatu sikuweza sababu alikuwa amenishika mkono wa kamera hauachii.

Leo kaniagiza nisafishe nakala nne za ile ya kileleni. Anataka kuwapelekea wenzake aliokuwa anabaki nao kulinda mahema.