Tahadhari ya ndege kugongana uwanjani: impitie mwongoza ndege au imfikie rubani moja kwa moja?

Wadau, wanaotetea utaratibu wa sasa wanasema mnara ndio unaoona uwanja mzima, kwa hiyo mtambo ukigundua hatari umwarifu mwongoza ndege, naye amwambie rubani. Mimi napinga.

Tazameni Haneda, Tokyo, 2 Januari 2024. Ndege ya walinzi wa pwani iliingia kwenye njia ya kurukia, ikakaa humo kama sekunde 40. Mtambo uliiona na rangi ikabadilika kwenye skrini mnarani, lakini hakuna aliyeitambua ishara hiyo kwa wakati. Airbus A350 ya Japan Airlines ikatua na kuigonga. Abiria na wahudumu wote 379 walitoka salama. Watano kati ya sita wa ile ya walinzi wa pwani walifariki. Tahadhari ilikuwepo. Iliishia kwa mtu aliyekuwa na ndege nyingine za kuongoza, huku marubani waliokuwa wakishuka hawajui lolote.

NTSB, bodi ya Marekani inayochunguza ajali za usafiri, ilishapendekeza tangu mwaka 2000 kwamba tahadhari ziwafikie marubani bila kupitia kwa mtu mwingine.

Mtasema rubani hawezi kusikiliza mabwana wawili. Mbona angani anafanya hivyo? Baada ya ndege mbili kugongana juu ya Überlingen, Ujerumani, mwaka 2002 na kuua watu 71, ilisisitizwa kote kwamba kifaa cha TCAS, kinachomwonya rubani ndani ya ndege dhidi ya kugongana angani, kikisema panda na mwongoza ndege akisema shuka, rubani akifuate kifaa.

Hoja ya kengele za uongo naiheshimu zaidi. Ndege iliyokaribia kuacha ardhi ikifungiwa breki bila sababu inaweza kupitiliza mwisho wa njia. Ndiyo maana napendelea kwanza taa nyekundu zilizozikwa kwenye lami, ambazo viwanja kadhaa vya Marekani vinazo: rada ikiona njia ina ndege, zinawaka zenyewe bila mwongoza ndege kubonyeza chochote. Zikizimika si ruhusa ya kuingia. Ruhusa bado inatoka mnarani.

Kifaa cha kumwonya rubani ndani ya ndege kuhusu hatari ya uwanjani kije baada ya taa hizo, ila kinategemea kila chombo kutangaza mahali kilipo. Lima, Peru, mwaka 2022, ndege iliyokuwa ikikimbia njiani ili ipae iligonga gari la zimamoto. Basi magari yote yanayoingia njiani nayo yafungwe vifaa vya kutangaza mahali yalipo kwa lazima, na kiwanja kilipie. Anayepinga hilo atoe sababu zake hapa.