Jina «stolzii» na mimea ya Kyimbila

Swali, kutoka Tukuyu

Ndugu wadau, nafundisha Biolojia, na katika kuandaa somo la uainishaji nimekuta mimea mingi ya Rungwe ambayo majina yake ya kisayansi yanaishia na «stolzii». Zipo pia okidi ndogo zinazotambaa kwenye magome ya miti, vishina vyake vimeungana kama shanga, ambazo jenasi yake nzima inaitwa Stolzia. Huyu Stolz alikuwa nani, na mimea aliyoikusanya iko wapi leo?

Jibu la 1

Mwalimu, Adolf Stolz alikuwa mmisionari wa Kimoravian aliyeishi Kyimbila, hapo hapo jirani yako, akakusanya maelfu ya mimea kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Vielelezo vilipelekwa Berlin, ambako Rudolf Schlechter, bingwa wa okidi, aliitangaza jenasi ya Stolzia mwaka 1915. Kwa bahati mbaya, hifadhi ile ya mimea mikavu ilipigwa mabomu Machi 1943, na okidi za Schlechter zikateketea.

Jibu la 2, kutoka Iringa

Niongeze hapo, asije mtu akadhani kwamba yote yamepotea. Mkusanyaji makini huchuma matawi kadhaa ya mmea mmoja, akayapa namba moja, kisha nakala zikagawanywa kwenye hifadhi mbalimbali. Nakala za Stolz zilikwishafika kwingineko, ikiwemo bustani ya mimea ya Kew, Uingereza, na ndizo zilizowasaidia waandishi wa mfululizo wa vitabu vya mimea ya Afrika Mashariki, kazi iliyoanza kuchapishwa mwaka 1952 na kukamilika 2012. Hifadhi kadhaa za Ulaya zimeweka picha za vielelezo kwenye intaneti. Tafuta jina la mkusanyaji pamoja na neno «Kyimbila», ukizingatia tahajia ya Kijerumani ya wakati ule.

Jibu la 3, kutoka Mbeya

Mwalimu, ukiwatoa wanafunzi nje, tafadhali wasichimbe okidi za ardhini. Ukiifukua utakuta viazi viwili: kimoja kimesinyaa, ndicho kilicholisha ua la mwaka huu, kingine kigumu, ndicho mmea wa mwakani. Hicho kigumu ndicho wanachokitaka wachimbaji wa chikanda, yaani viazi vya okidi vinavyoliwa, inayovushwa kwenda Zambia, na mmea hauna akiba nyingine chini, huku mbegu zake, laini kama vumbi, zikihitaji kuvu maalumu ili ziote. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, iliyotangazwa mwaka 2005, hata kuchuma ua hakuruhusiwi. Nendeni na kamera kati ya Desemba na Machi.

Muuliza swali

Nawashukuru sana. Tutaanza na magugu ya uwanjani kwetu, tuyakaushe ndani ya magazeti. Ila kwa mvua za Rungwe, nadhani itabidi karatasi zibadilishwe kila siku, la sivyo tutavuna ukungu.

Jibu la 2

Kila siku, naam, na namba iandikwe siku ile ile ya kuchuma.