Mashine ya kunyolea inagonga: springi imeisha?

KinyoziKona: Wakuu, mashine yangu ya waya, ile ya koili (waya uliozungushwa unaogeuka sumaku umeme ukipita), inagonga kwa kelele na inavuta nywele. Meno ni mapya. Nibadilishe springi?

FundiBisibisi: Bado, kaka. Kelele hiyo ni mkono wa chuma, ule unaosogeza meno, kugonga koili. Iwashe, kisha zungusha skrubu ya ubavuni taratibu mpaka kelele ikatike tu. Ishia hapo! Ukipitiliza, meno yanapoteza mwendo na ndiyo yanayovuta nywele. Umeme ukishuka, au ukitumia jenereta, itabidi urekebishe tena.

MzeeWaMeno: Skrubu isiposaidia, chomoa waya ukutani kabla ya kufungua kava. Piga picha kwanza. Springi iliyokatika au yenye kutu haifai. Zikiwa mbili, badilisha zote, maana mpya na kuukuu hazisukumi sawa na mkono utakaa upande. Usiivute kuirefusha, italegea tena. Angalia na raba zake.

FundiBisibisi: Na mafuta ya mashine, matone 2 au 3 kwenye meno. Ya kupikia yanaganda.