Rukia anataka kwenda Maun

*Kikundi: Wajukuu wa Bibi, Tanga*

Ijumaa usiku

Rukia: Shikamooni wote. Baba, Mama, Ami Seif, Shangazi, ujumbe wangu ni mrefu, naomba mnisome mpaka mwisho.

Shangazi Mwanaidi: Marahaba mwanangu. Tupo, sema.

Rukia: Tangu nirudi na leseni ya urubani ni miezi minane sasa. Nimepeleka maombi Arusha, Zanzibar na Dar, sehemu kumi na nne. Waliojibu ni watatu, na wote jibu lao moja: wanataka rubani mwenye masaa 500 ya kuruka kwenda juu, bima ya ndege zao haimkubali mwenye machache. Mimi nina 214. Leseni ya urubani wa biashara niliipata kwa masaa 200, kazi ndiyo inayotaka zaidi. Na masaa hayaongezeki nikikaa Chumbageni nafundisha watoto tuisheni ya hesabu. Nimeamua kwenda Botswana kutafuta kazi, mji unaitwa Maun.

Hamza: Maun ndo wapi dada?

Baba: Ukingoni mwa delta ya Okavango. Mto unatoka nyanda za juu za Angola, unakuja kupotelea kwenye mchanga wa Kalahari, baharini haufiki. Nimefundisha jiografia miaka thelathini na moja, nimeuchora huo mto ubaoni sijui mara ngapi.
Na la Airbus je? Jumatatu natakiwa kupeleka ile amana.

Rukia: Baba, ndiyo sababu nimeandika leo.

Mama: Amana gani tena? Baba Rukia, pesa ya amana imetoka wapi?

Baba: Nimekopa kwenye chama cha walimu. Dola 1,500. Wakala wa Dubai anampa nafasi ya mafunzo ya Airbus A320, akimaliza anaingizwa shirika la ndege. Mafunzo yenyewe dola 28,000, yanalipwa kidogo kidogo. Nilikuwa nafikiria hati ya nyumba.

Mama: Hati ya nyumba hii tunayolala?

Ami Seif (Muscat): Assalamu alaykum. Kaka, nilitaka nikupigie faragha, lakini wacha niseme hapa hapa. Ile anwani uliyonitumia nimeifikia. Juzi tajiri yangu alinituma Dubai kuchukua gari, nikapita. Ghorofa ya tatu wanauza vipodozi. Mlinzi yupo jengo lile miaka minne, ofisi ya marubani hajapata kuiona.

Baba: Wamenitumia mkataba. Una mhuri.

Ami Seif (Muscat): Mhuri unachongwa, kaka. Nimeuliza pia vijana wa huku wanaofanya kazi uwanja wa ndege. Shirika likimtaka rubani linamwita kwenye usaili, halimtozi amana. Na mashirika makubwa ya Ghuba yanachukua watu wenye masaa maelfu, tena wengi wamesharusha jeti. Sikusema mapema kwa sababu nilitaka kwanza nione kwa macho.

Shangazi Mwanaidi: Allah atuepushe. Umefanya jambo kubwa Seif.

Rukia: Baba, hata wangekuwa wa kweli, ningekuomba usilipe. Kibali cha kurusha Airbus kinadumu mwaka mmoja. Mwaka ukiisha unapimwa upya kwenye mashine ya kuigiza ndege, kwa dola tena. Nikipata hicho kibali nina masaa 214 na sina mwajiri, mwaka utaisha nipo sebuleni, nyumba iko benki. Nina wenzangu wawili yamewakuta.

Huko Maun kambi za watalii ziko visiwani katikati ya maji, nyingine barabara hazina kabisa au zinakatika. Kila kitu kinapita angani: wageni, wapishi, mboga, vipuri vya jenereta. Ndege ni ndogo, Cessna 206 ya abiria watano, nyingine Airvan, na ukishazoea unapanda Caravan, iliyo kubwa zaidi kidogo. Unaruka dakika ishirini, unatua kwenye kiwanja cha mchanga, unashusha, unaruka tena, siku nzima. Mwenzangu niliyesoma naye alizungusha wasifu wake wiki tisa, hangari kwa hangari, ndipo wakamwita. Leo ana masaa 700 na kitu. Akifika 1,500 ataweza kuomba leseni ya juu, ile inayomfanya mtu awe kapteni kwenye shirika kubwa. Mimi nataka kufika huko huko unakotaka wewe, Baba. Naanzia chini kidogo tu.

Hamza: Kwa nini wakuchukue na 214 na hapa wanakataa?

Rukia: Kwa sababu wanaanzisha watu wapya kila msimu. Wakubwa wanahamia mashirikani, viti vinabaki wazi. Wanachukua kabla watalii hawajajaa katikati ya mwaka, maana lazima kwanza wakuzungushe viwanja vyote na rubani mzoefu. Ndiyo maana nataka kuondoka mwezi huu. Raia wao wanapewa nafasi kwanza, hilo nalijua na ni haki yao.

Mama: Rukia. Hiyo ndege injini ngapi?

Rukia: Moja, Mama.

Mama: Moja.

Rukia: Mama, nakujibu kama ninavyomjibu mtahini. Injini ikizima ndege haianguki kama jiwe, inashuka pole pole kama tiara iliyokatika uzi, na mimi naendelea kuiongoza. Tangu wiki za kwanza shuleni mwalimu alikuwa anazima nguvu ya injini ghafla, ananiuliza, "Unatua wapi?" Kila dakika niko angani naangalia chini natafuta uwanda. Hatari ipo, sitakuficha. Mwezi wa kumi joto linakaribia nyuzi 40, hewa inakuwa nyepesi, ndege inataka njia ndefu zaidi kupaa. Hapo inabidi upunguze mzigo, na rubani mpya anaweza kuona haya kumwambia mgeni aache begi. Mimi nitamwambia. Na viwanja vingine tembo wanapita, kwa hiyo kabla ya kutua unapita juu kwanza kuangalia.

Mama: Tembo!

Mama: Nakusikia mwanangu. Niache usiku huu nisali.

Shangazi Mwanaidi: Mimi kama nesi nauliza ya kwangu. Cheti cha afya cha urubani kinaisha lini? Na kadi ya homa ya manjano unayo?

Rukia: Cheti cha afya ni cha miezi kumi na mbili, nimepima upya mwezi uliopita. Kadi ya manjano ilipotea nilipohama hosteli.

Shangazi Mwanaidi: Hiyo kesho asubuhi. Usiende mpakani bila hiyo.

Ami Seif (Muscat): Na vibali? Nakuuliza kwa sababu mimi hapa nilianza bila karatasi, miaka miwili nilikuwa nikiona polisi nabadilisha njia. Sitaki uishi hivyo.

Rukia: Naingia kama mgeni, Ami, natafuta tu. Bila kibali cha kazi sigusi ndege, na kibali anakiombea mwajiri. Leseni yangu ya Afrika Kusini lazima mamlaka ya anga ya Botswana waikubali kwanza. Wanaandikiana wenyewe kwa wenyewe kuthibitisha kwamba ni yangu, halafu nafanya mtihani wa sheria za anga na kupimwa hewani. Kwa yote hayo, nauli ya basi, chumba cha miezi miwili, na nauli ya kurudi ambayo siigusi, nimepiga milioni sita. Ninazo milioni mbili na laki tatu za tuisheni.

Hamza: Laki moja yangu ipo.

Shangazi Mwanaidi: Nami laki tano, mshahara ukiingia.

Ami Seif (Muscat): Rial 150. Natuma kesho.

Mama: Baba Rukia mbona kimya?

Mama: Ameweka simu chini, katoka nje.

Jumamosi asubuhi

Hamza: Bibi ametuma sauti, mimi nimemshikia simu. Kwa walio kazini nawaandikia alichosema:

"Seif alipokwenda Maskati hakuniaga. Niliambiwa na majirani kwamba mwanao kapanda chombo. Nilikaa miezi saba sijui kama yu hai. Huyu mtoto kakaa kitako, kawaambia wazee wake anakwenda wapi, atalala wapi, atarudi na nini ikishindikana. Kwa nini mnamtia uzito? Shamba la Muheza lilikuwa langu kabla halijauzwa. Michungwa ile niliipanda mimi na babu yenu. Lilipouzwa nilisema mtoto akasome kurusha ndege. Sikusema ndege kubwa, sikusema ndege ndogo. Laki mbili zangu ziko kwenye mkoba, Hamza anajua."

Ami Seif (Muscat): Mama, nisamehe. Kila mwaka nakuomba na leo tena nakuomba.

Hamza: Bibi anasema alishakusamehe siku uliyopiga simu ya kwanza.

Jumamosi usiku

Baba: Rukia.

Rukia: Naam Baba.

Baba: Shamba lile nililiuza kwa mkono wangu. Kila nikipita Muheza msimu wa machungwa nasema moyoni, nikimwona amekaa mbele ya ndege kubwa nitatulia. Ndiyo maana yule mtu wa Dubai alinipata kirahisi. Alinisomea kile nilichokuwa nataka kukisikia. Nisingepeleka hati ya nyumba bila kumwambia mama yako, lakini nilikaribia, na hilo namuomba radhi hapa mbele yenu.

Mama: Yameisha Baba Rukia.

Baba: Mkopo wa chama nimeongea nao. Nusu narudisha Jumatatu. Nusu nakaa nayo, ni yako, nitaikatwa kwenye pensheni. Wengine punguzeni michango, hasa Mama. Laki mbili zake zirudi mkobani.

Hamza: Bibi amekataa. Anasema zimeshatoka.

Rukia: Baba, sijui niseme nini.

Baba: Usiseme. Nimetazama ramani. Mbeya, Tunduma, Lusaka, Livingstone, halafu daraja la Kazungula juu ya Zambezi, limefunguliwa 2021, zamani ilikuwa pantoni. Kutoka hapo Kasane, Nata, Maun. Basi la Mbeya ni Alhamisi. Nimekata tiketi mbili.

Mama: Mbili?

Baba: Nitamfikisha Tunduma. Nataka nimwone akivuka, kisha nirudi.

Mama: Basi mwambie abebe sweta lile zito. Uliniambia Juni huko ni baridi.

Baba: Usiku inashuka mpaka nyuzi saba. Jangwa lile.

Rukia: Nimeshaliweka, Mama. Na kadi ya manjano leo walikuwa wamefunga, Shangazi.

Shangazi Mwanaidi: Jumatatu saa mbili kamili nakusubiri getini. Uje umekunywa chai.