Ushauri: Mambo hayaendi. Nawezaje kurudisha furaha bila kujidanganya?

Pweza Nchi Kavu (mleta uzi)
Wakuu, habari za muda huu. Ajira imekatika, biashara ya mitumba inasuasua, na marejesho ya mkopo yanadaiwa kila Ijumaa. Nyumbani nimekuwa mkali kwa vitu vidogo. Nashtuka saa nane usiku, mawazo mpaka alfajiri. Kila ninayemwambia ananijibu "kuwa chanya tu". Maneno ya kujipa moyo asubuhi hayashiki. Naomba hatua zinazofanyika, mahubiri nimeshayasikia.

Chelezo
Hayashiki kwa sababu akili yako inajua salio lako. Mwanasaikolojia Gabriele Oettingen amelichunguza hili kwa miaka mingi: anayeota mafanikio tu hulegea, anayeweka lengo pamoja na kikwazo chake hujituma zaidi. Badala ya "leo nitauza sana", sema: "Mteja akitaka kukopa, nitamwomba atoe nusu kwanza."

Pili, usisubiri ujisikie vizuri ndipo ufanye kitu. Mara nyingi hali ya moyo hufuata matendo. Chukua daftari la kawaida. Wiki ya kwanza usibadilishe chochote. Kila baada ya saa mbili andika ulichokuwa unafanya, ukipe alama mbili kuanzia 0 hadi 10: moja ya raha, nyingine ya kuona umekamilisha jambo. Wiki ya pili panga vitu viwili tu kwa siku, kimoja cha raha na kimoja cha kukamilisha, kila kimoja na saa yake, dakika kumi zinatosha. Kupiga pasi nguo tano za kuuza ni kitu. Kumpigia rafiki ni kitu. Wengi huharibu hapa: wanapanga mambo kumi, siku ya pili wanashindwa, wanapata ushahidi mpya kwamba hawafai. Na uwe mkweli kwenye alama. Kuperuzi simu saa nzima huonekana raha, ukiandika unakuta 2.

Kuandika mambo unayoyashukuru nako kunasaidia, ila kwa kipimo. Mara moja kwa wiki inatosha, mambo matatu, na kila moja uandike limetokeaje. Ukifanya kila siku huwa kama kujaza fomu.

Karafuu Kavu
Chelezo umesema vizuri, ila tusitibu deni kwa shukrani. Huyu ana tatizo lenye namba.

Kule Harare, daktari wa akili Dixon Chibanda alianzisha mwaka 2006 mpango wa mabenchi ya mazungumzo, ambako bibi waliofunzwa huketi na wagonjwa nje ya zahanati. Bibi hawaanzi na "fikiri vizuri". Mtu anataja matatizo yake yote, anachagua moja, kisha wanatafuta hatua moja inayowezekana kabla ya kuonana tena. Fanya hivyo na mkopo. Andika kiasi kilichobaki, riba, na tarehe ya mwisho. Kama rejesho ni 42,000 kwa wiki na soko lako ni siku sita, basi ni 7,000 kila unapofunga hesabu, ziwekwe mbali na mtaji na hela ya mboga. Faida ya siku isipofika 7,000, mtazamo wako hauna kosa; rejesho limeizidi biashara. Nenda kwa mkopeshaji kabla ya Ijumaa, si baada ya kuchelewa, uombe muda urefushwe, na mkikubaliana upewe maandishi. Kausha damu, ile mikopo ya haraka yenye riba kali, usiiguse kabisa ili kulipia mkopo mwingine.

Kijiti
Na asubuhi usianze na status za watu. Hakuna anayepost deni lake.

Pweza Nchi Kavu
Nashukuru sana wakuu. Vipi kuhusu usiku, na ule ukali?

Zamu ya Usiku
Usingizi usiporudi ndani ya kama dakika 20, toka kitandani. Usiangalie saa, kadiria tu. Kaa kwenye mwanga hafifu, soma kitu cha kuchosha, rudi macho yakiwa mazito. Amka saa ileile kila siku hata kama umelala vibaya, vinginevyo usiku unaofuata unaharibika pia. Kahawa na chai ya rangi mwisho saa nane mchana, maana baada ya saa tano hivi karibu nusu ya kafeini bado iko mwilini. Pombe inakulaza haraka kisha inakuamsha usiku wa manane.

Mawazo yapangie saa: dakika 20, tuseme saa kumi na mbili jioni, kwa kalamu, mezani. Yakija usiku, yaambie yasubiri zamu yake. Mwanzoni hayatii.

Ukali: kabla ya kufungua mlango wa nyumbani, vuta pumzi kwa hesabu ya nne, itoe kwa sita, kama dakika tatu. Ukisikia kizunguzungu unavuta kwa nguvu mno, punguza. Ongeza kutembea kwa haraka nusu saa, siku tano kwa wiki, mwendo wa kuweza kuongea lakini si kuimba.

Ila kama huzuni au kukosa hamu ya kila kitu kumekaa wiki mbili karibu kila siku, pamoja na kula vibaya, uchovu na kujiona hufai, hiyo inaweza kuwa sonona. Nenda kituo cha afya, au hospitali ya rufaa ya mkoa uulizie afya ya akili. Waombe wapime na damu, maana upungufu wa damu au shida ya tezi ya shingo huleta dalili zinazofanana. Mawazo ya kujidhuru yakija, usikae peke yako: mwambie mtu, mwende hospitali siku hiyohiyo.

Pweza Nchi Kavu
Daftari nianze Jumatatu?

Chelezo
Anza saa hii. Ukiruka masaa, acha wazi, usijaze kwa kukumbuka. Mtu mwenye huzuni hukumbuka mabaya kwanza, alama zote zitatoka chini kuliko siku yenyewe ilivyokuwa.