Kikundi cha ukoo: ile elfu tatu ya Swaleh

JUMAPILI

Ami Badi: Assalam aleykum jamaa. Alhamdulillahi, Swaleh ametoka stesheni ya polisi alfajiri, kwa ile kesi ya kelele za muziki wake wa harusini. Faini yake ya elfu tatu nimeilipa mwenyewe, jambo limekwisha. Wanaotaka kunirudishia milango iko wazi 😄

Mama Nasra: Waaleykum salaam. Shukran Ami Badi, Mungu akuzidishie. Harusi imefana, mahasidi na wapasuke.

Zuhura: Shikamoo Ami. Hiyo karatasi uliyopewa imeandikwa nini? Hebu ipige picha uilete hapa.

Ami Badi: [picha]

Zuhura: Nilijua. Ami, hii si faini, ni dhamana ya polisi. Faini hutozwa na korti, tena baada ya mtu kupatikana na hatia. Hizi ni amana tu kwamba Swaleh kesho saa tatu asubuhi atasimama mbele ya hakimu. Akienda, kesi ikiisha zarudi. Asipokwenda zimeliwa, na hati ya kumkamata inatolewa juu yake.

Ami Badi: Lahaula! Na mimi nishamwambia kesho aende baharini na kina Feisal.

Swaleh: Siendi popote Ami. Amplifaya yangu na spika mbili bado ziko stesheni.

Khalid Mombasa: Hiyo ni dhulma! Malindi hapo watu wamepigiana ngoma tangu Vasco da Gama hajatia nanga. Swaleh kana shitaka. Na tangu lini kaunti ikashughulika na kelele? Si kazi ya NEMA, wale wa mamlaka ya mazingira?

Zuhura: Kaka Khalid, usiende kortini na hiyo. Kelele na kero za umma zimo kwenye Jedwali la Nne la Katiba, upande wa kaunti. NEMA nao wana kanuni zao za kelele za 2009. Wote wawili wanakupata.

Feisal: Na hizo za 2009 zahesabu usiku kutoka saa ngapi?

Zuhura: Saa mbili na dakika moja mpaka saa kumi na mbili asubuhi.

Ami Badi: SAA MBILI? Saa mbili watu ndio kwanza watoka isha!

Feisal: Biharusi hata hajafukizwa udi 😂

Zuhura: Ndio maana mtu huomba kibali. Mama Nasra, kibali chenu kilikuwa mpaka saa ngapi?

Mama Nasra: Kibali tulikuwa nacho.

Zuhura: Mpaka saa ngapi mama?

Mama Nasra: Tano.

Khalid Mombasa: Na muziki mlizima saa ngapi?

Swaleh: Sikuzima mimi, walizima askari. Saa nane kasoro robo.

Khalid Mombasa: Aa. Basi.

Bi Mkubwa: [ujumbe wa sauti, 2:06]

Feisal: Kwa walio kazini: Nyanya auliza, Swaleh watamtia rumande? Na asema jirani wa nyuma ana mama mgonjwa, kila mtu alijua.

Zuhura: Mwambie asiwe na wasiwasi. Katiba kifungu cha 49: kosa ambalo adhabu yake ni faini tu, au kifungo kisichozidi miezi 6, mtu hawekwi rumande. Kwa kelele za harusi sitarajii zaidi ya hapo, ila nataka kuiona hati ya mashtaka kwa macho yangu. Mtu pia yatakiwa afikishwe kortini ndani ya saa 24. Zake zinaishia usiku huu, korti imefungwa, ndio ikawa kesho.

Swaleh: Huyo jirani alinijia mara mbili kwa adabu zake zote. Mara ya pili nikampeleka kwa Mama Nasra. Akajibiwa leo ni leo, asemaye kesho mwongo.

Mama Nasra: Swaleh sinitie mimi. Sikushika mashine yako.

Feisal: Maikrofoni ulishika shangazi, video ninayo.

[Mama Nasra amefuta ujumbe huu]

Swaleh: Kuna jambo jingine. Mchana kanipigia simu mtu, ajiita afisa, asema nimtumie elfu tano kwenye simu yake faili ipotee kabla ya kesho.

Ami Badi: Mbona husemi! Elfu tano si pesa, ipotee.

Zuhura: Ami tafadhali. Kwanza hatujui ni nani, labda amekaa Mtwapa anakunywa chai. Pili, kwa Sheria ya Hongo ya 2016 anayetoa ana kosa sawa na anayepokea. Faini ya korti hulipwa kwa benki au kwa simu kwenye akaunti ya mahakama, risiti yatoka. Haiingii mfukoni mwa mtu.

Khalid Mombasa: Sasa akubali tu? Kukana si haki yake?

Zuhura: Ni haki yake, wala si uongo. Ukikana wawaambia walete ushahidi. Ila tujiulize, mashahidi wao wataulizwa nini hata wababaike? Kibali cha saa tano kiko, mtaa mzima ulisikia, na kesi ikianza kuahirishwa kila tarehe ni siku ya kazi imekwenda. Mimi ningekana kama saa au mahali vimeandikwa uongo, au kama wamemwandika yeye ndiye mwenye sherehe. Kwa hiyo Swaleh: omba usomewe kwa Kiswahili. Usiseme "ni kweli" kwa kuwa una haraka. Ukikubali, mwendesha mashtaka anasoma maelezo ya tukio, nawe waulizwa tena kama ndivyo. Hapo ndipo pa kusikiza neno kwa neno, pakiwa na la uongo useme hapo hapo. Rufaa ina siku 14, lakini aliyekubali kosa hawezi kukatia rufaa hatia, ni adhabu tu.

Swaleh: Na nikikosa pesa?

Zuhura: Kila faini huwa na kifungo chake pembeni. Ila kuna sheria ya huduma kwa jamii ya 1998, waweza kuomba ufanye kazi badala ya kufungwa.

Feisal: Afagie soko, kwa spika 😂

Swaleh: Cheka tu. Mimi ujira wa harusi nilikubaliana elfu nane, nimepewa nne.

Bi Mkubwa: [ujumbe wa sauti, 0:19]

Feisal: Nyanya asema aliyesema ongeza ndiye atoe.

JUMATATU

Zuhura: Tumetoka. Hati ilikuwa sawa, saa na mahali ndivyo. Amekubali. Amemwambia hakimu ni mara yake ya kwanza, yeye alikodiwa tu, na jana magharibi alikwenda kwa jirani kuomba radhi (alikwenda kweli, na Nyanya). Faini elfu sita au mwezi mmoja.

Khalid Mombasa: Elfu sita!

Zuhura: Tumeomba dhamana ikatwe humo, hakimu amekubali. Imebaki elfu tatu, nimelipa kwa simu, risiti ninayo.

Ami Badi: Yaani zangu ndizo zimekwenda hivyo?

Zuhura: Samahani Ami, Swaleh alisema umeridhia.

Ami Badi: Niliridhia kuitwa saa kumi ya usiku, hilo jingine sikuulizwa.

Mama Nasra: Nimetuma kumi. Sita za faini, Zuhura na Ami Badi mgawane. Nne za Swaleh. Na hiyo video Feisal ifute.

Feisal: Video gani shangazi?

Swaleh: Nimepata, shukran. Sasa vifaa. Hakimu ameamuru virudishwe, lakini stesheni wataka nakala ya amri yenye muhuri. Iko wapi?

Zuhura: Karani anaiandika, niko hapa dirishani nasubiri. Wewe tafuta usafiri.

Feisal: Nakuja na tuktuk. Spika moja mbele, moja nyuma, wewe utatembea.